Kadi adimu hutokea wapi, na humtokea nani?

Ndugu wasikilizaji, juma hili nimeyaweka kando mambo ya bei ya mchele na foleni za barabarani, ambayo naona hayana haraka ya kwisha, ili nijibu barua moja. Mwandishi wake ni kijana wa Ilala. Anasema amesoma kwamba huko Marekani kadi yenye picha ya mchezaji iliuzwa kwa mamilioni ya dola, naye anataka kujua mambo mawili. Je, hizo kadi adimu hutokea kweli sokoni mtu akanunua, au ni maneno ya magazeti tu? Na kama zinatokea, zilikuwa zimejificha wapi siku zote hizo?

Jibu fupi ni kwamba zinatokea. Jibu refu ndilo lenye utamu, na lina uchungu wake pia.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hapa kwetu ukimwambia mtu una kadi, atashika mfuko akidhani umemletea mchango wa harusi. Kadi ninayoizungumzia ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani, mbele kina picha ya mchezaji, nyuma kina maelezo yake au tangazo la biashara. Zilianza kutiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye ndani ya peremende na ubani wa kutafuna, ule ambao watoto wetu waliuita bigijii. Hazikutengenezwa ziwe mali. Zilikuwa chambo cha kumfanya mtu anunue pakiti nyingine kesho.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ya mchezaji wa besiboli aliyeitwa Honus Wagner, wa timu ya Pittsburgh. Besiboli, kwa asiyeifahamu, ni kama binamu wa kriketi: mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, kisha watu wanakimbia. Kati ya mwaka 1909 na 1911 kampuni ya American Tobacco ilichapa kadi za mamia ya wachezaji na kuzitia ndani ya pakiti za sigara. Wagner hakutoa ruhusa. Wapo wanaosema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake; wapo wanaosema alitaka alipwe kwanza. Kwa kuwa mzee huyo mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku, mimi naona hoja ya pili isidharauliwe. Vyovyote iwavyo, uchapaji wa kadi yake ulikatizwa, na leo zinazojulikana duniani ni kama 50 au 60 tu. Mwaka 2022 moja iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Sasa, kadi iliyochapwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita inajitokezaje leo?

Wafanyabiashara wa minada huko Ulaya na Marekani wana msemo wao: mali adimu huletwa sokoni na mambo matatu, yaani kifo, deni na talaka. Sisi tunaowajua madalali wetu wa kupiga mnada nyumba za watu hatuhitaji kuelezwa deni ni nini. Lakini kwa upande wa kadi, mleta mali mkubwa ni kifo. Mtu anaweka vitu vyake miaka hamsini, hamwambii yeyote, anafariki, na watoto wanakuja na magunia kusafisha nyumba.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2012 katika mji mdogo wa Defiance, jimbo la Ohio. Familia moja ilikuwa ikisafisha dari la nyumba ya babu yao, aliyekuwa na duka la nyama na kufariki katika miaka ya 1940. Shangazi aliyebaki akiishi humo naye alikuwa amefariki. Wakakuta boksi la karatasi, limejaa vumbi, na ndani yake kadi ndogo kama 700 zilizofungwa kwa kamba, za tangu mwaka 1910 hivi. Zilikuwamo za Wagner huyo huyo, ingawa si ile ya sigara, na za Ty Cobb na Cy Young. Zilikuwa mpya kana kwamba zimetoka kiwandani asubuhi ile. Inadhaniwa babu alizipata kwa ajili ya kuwagawia wateja, zikabaki. Warithi walikuwa binamu 20. Mwaka huo huo kadi 37 bora kati ya hizo ziliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 500,000.

Nawaomba mlitazame boksi lile kwa makini. Lilikaa juu ya vichwa vya watu kwa miaka kama mia moja. Kama mvua ingevuja, kama panya wangeingia, kama mmoja wa binamu angekuwa na haraka ya kurudi kazini siku ile akalitupa pamoja na magazeti ya zamani, wakusanyaji wangeendelea kusema kwamba kadi za toleo lile katika hali nzuri namna ile hazipo. Wangesema hivyo kwa yakini kabisa, na wangekuwa na ushahidi. Ndiyo maana ninapomsikia mtaalamu akitamka kwamba kitu fulani zimebaki nakala kumi tu duniani, huwa namwongezea neno moja moyoni: zinazojulikana.

Mwaka 2016 jambo la namna hiyo lilitokea tena kusini mwa Marekani. Ndani ya mfuko wa karatasi uliochakaa, uliokuwa karibu kutupwa, zilikutwa kadi saba za Ty Cobb zenye tangazo la tumbaku iliyobeba jina lake nyuma. Kabla ya siku hiyo zilizokuwa zikijulikana zilikuwa kama 15 tu. Hebu fikirini hali ya bwana aliyekuwa na moja ya hizo 15, akiitazama kila jioni kama mboni ya jicho lake, kisha anafungua gazeti na kusoma kwamba idadi imeruka karibu nusu kwa siku moja! Furaha ya aliyeokota ilikuwa tumbo joto la aliyenunua.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Lakini wapo walioacha daftari. Mwaka 2010 masista wa shirika la School Sisters of Notre Dame, huko Baltimore, waliletewa kadi ya Wagner, ile ile ya sigara. Ilikuwa ya kaka wa sista mmoja aliyekwisha kufariki. Naye alipofariki aliliachia shirika mali yake. Kadi ilikuwa na mikunjo, kingo zake zimekatwa, kwa macho ya kawaida ungeifutia meza. Lakini marehemu alikuwa ameambatanisha karatasi iliyopigwa chapa, akieleza kwamba ingawa imeharibika thamani yake itazidi kupanda katika karne ya 21. Masista wakaipeleka mnadani na ikaleta zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya kazi zao. Bila ile karatasi, sidhani kama kuna sista ambaye angejua tofauti kati ya kadi ile na alama ya kuwekea kitabu.

Kuna nyingine ya Baltimore ninayoipenda zaidi, kwa sababu haikufichwa wala kuokotwa. Mwaka 1914 gazeti la mji huo lilitoa kadi za wachezaji wa timu za nyumbani zenye ratiba ya mechi nyuma. Mmoja wao alikuwa kijana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyemjua, jina lake Babe Ruth. Baadaye akawa kwa Wamarekani kama Pele kwa watu wa mpira. Kijana mmoja aliyekuwa akiuza magazeti aliiweka kadi ile, akaiacha kwa familia, na familia ikaitunza kizazi hadi kizazi. Kuanzia mwaka 1998 iliazimwa jumba la makumbusho la Ruth ili watu waione. Kadi za namna hiyo zinazojulikana ni kama kumi. Familia ikaiuza mwaka 2021, na mwaka 2023 ikauzwa tena, safari hii mnadani, kwa dola milioni 7.2. Kwa hiyo ndugu yangu wa Ilala, wakati mwingine kadi haikujificha popote. Iko ukutani, ndani ya kioo, kila mtu anaijua, na mnunuzi anasubiri miaka zaidi ya ishirini mwenyewe aseme basi.

Tusije tukachanganya uadimu na bei, maana ni ndugu lakini hawalali kitanda kimoja. Chukueni kadi ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyotolewa na kampuni ya Topps. Wataalamu wamekwisha kupima na kutia muhuri zaidi ya elfu moja. Si adimu hivyo. Wala si kadi yake ya kwanza, kwani ya kwanza ilitolewa na kampuni nyingine mwaka 1951. Lakini mwaka 2022 moja iliuzwa dola milioni 12.6.

Kisa chake ni hiki. Mwaka ule wa 1952 Topps walitoa kadi zao kwa awamu, na awamu ya mwisho ikachelewa kufika madukani. Watoto walikuwa wamekwisha kuacha besiboli na kuhamia mchezo mwingine. Makasha yakarundikana bohari. Bwana Sy Berger wa kampuni hiyo alisimulia mwenyewe kwamba alijaribu kuyauza kwa bei ya kutupa, hakuna aliyetaka, hata mwaka 1960 akayapakia kwenye tishari, akavutwa nje ya pwani ya New Jersey na kuyamwaga baharini. Mamia ya makasha! Mimi niliyekulia karibu na bahari huwa nikikumbuka habari hiyo nawaonea huruma samaki, lakini zaidi nawaonea huruma wahasibu.

Ikadhaniwa kwamba za awamu ile zilizobaki ni zile chache zilizochezewa na watoto. Kisha mwaka 1986 mfanyabiashara wa kadi aitwaye Alan Rosen, aliyekuwa na desturi ya kutembea na fedha taslimu ndani ya mkoba, aliitwa kwenye nyumba moja katika jimbo la Massachusetts. Akaonyeshwa zaidi ya kadi elfu tano za awamu ile ile, mpya, hazijaguswa. Za Mantle peke yake zilikuwa makumi. Miongoni mwake ndimo ilimokuwa ile ya dola milioni 12.6. Mwaka 1991 Rosen aliiuza kwa dola 50,000 kwa mtu wa New Jersey, ambaye aliitunza kwa miaka zaidi ya thelathini. Mnajua biashara ya mnunuzi huyo ilikuwa nini? Kuzoa taka.

Sasa naja kwenye uchungu niliousema. Angalieni ni nani aliyekuwa na ujuzi katika kila kisa. Anayeokota boksi kwenye dari hajui alichoshika. Anayegonga mlango na mkoba wa fedha anajua hadi senti. Katika biashara ya namna hiyo, hata pasipo uongo wowote, upande mmoja unacheza karata ukiwa umefumbwa macho. Wale binamu 20 wa Ohio walifanya jambo la busara: hawakumuuzia wa kwanza aliyepiga simu. Walipeleka kwa wapimaji na wapiga mnada, na wakakubaliana kuzitoa kidogo kidogo kwa miaka, ili soko lisifurike. Na hawakugombana, jambo ambalo kwa binamu 20 na urithi mmoja nalihesabu kuwa adimu kuliko kadi zenyewe.

Hata wapimaji nao wapimwe. Ipo kadi moja ya Wagner, nzuri kuliko zote, iliyonunuliwa mwaka 1991 na mchezaji maarufu wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake kwa dola 451,000. Kampuni ya PSA, iliyoanzishwa mwaka huo kwa kazi ya kupima kadi, iliifanya kadi hiyo kuwa ya kwanza kabisa kupimwa nayo, ikaipa alama 8 kati ya 10. Ilipita mikononi mwa watu kadhaa, na mwaka 2007 ikauzwa dola milioni 2.8. Wakati wote huo kulikuwa na minong'ono kwamba kingo zake ni safi mno. Mwaka 2013 Bill Mastro, mpiga mnada aliyewahi kuimiliki tangu 1985, alikiri mbele ya mahakama ya Marekani, katika kesi ya udanganyifu iliyomkabili, kwamba alizikata kingo zake ili ionekane nzuri. Mwaka 2015 akahukumiwa kifungo cha miezi 20. Mnaona basi: mkasi uliopita pembeni kwa nywele moja ulikaa kimya kwa miaka 28, chini ya muhuri wa wataalamu.

Na si madalali tu. Uadimu mwingine ulipikwa na viwanda tangu mwanzo. Mwaka 1933 kampuni ya ubani ya Goudey ilitoa kadi zenye namba, lakini namba 106 haikuchapwa. Watoto waliendelea kununua pakiti kutafuta kadi ambayo haikuwapo. Wazazi na watoto wakaandika malalamiko, ndipo mwaka uliofuata kampuni ikachapa namba 106, yenye picha ya Napoleon Lajoie, na kuwatumia kwa posta wale tu waliolalamika. Kwa hiyo kadi ile adimu ni zawadi ya watu wabishi. Kampuni nyingine, U.S. Caramel, mwaka 1932 iliahidi zawadi kwa mtoto atakayekamilisha kadi zote, kisha ikaibana namba 16. Miaka mingi wakusanyaji waliamini haikuwahi kuchapwa kabisa, mpaka katika miaka ya 1980 ilipojitokeza. Zinazojulikana zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Siku hizi ujanja huo unafanywa hadharani na wanunuzi wanaushangilia. Kiwanda kinachapa kadi moja tu, kinashonea kipande cha jezi halisi, mchezaji anatia sahihi, kisha kinaitia katika pakiti moja kati ya mamilioni. Siku ya Krismasi ya mwaka 2024 mtoto wa miaka 11 huko Los Angeles alifungua pakiti na kukuta kadi ya pekee ya Paul Skenes, mrushaji wa timu ile ile ya Pittsburgh aliyoichezea Wagner. Mwezi Machi 2025 ikauzwa dola milioni 1.11. Na mwezi Agosti 2025 kadi ya pekee ya mwaka 2007 yenye sahihi za Michael Jordan na Kobe Bryant ilivunja rekodi ya Mantle: dola milioni 12.9. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya bilioni 30. Kwangu mimi kuna tofauti kati ya kitu kilichokuwa adimu kwa sababu wenzake walikufa, na kile kilichozaliwa yatima kwa amri ya meneja wa mauzo. Soko halikubaliani nami, na soko lina fedha.

Msidhani vilevile kwamba bei hupanda tu kama moshi. Kadi ya Jordan ya mwaka 1986, ya kampuni ya Fleer, yenye alama 10 kamili, iliuzwa dola 738,000 mwanzoni mwa 2021. Mwaka uliofuata zile zile za alama hiyo zilikuwa zikienda kwa dola laki mbili hivi. Na katika miaka ya mwisho ya 1980 familia nyingi za Marekani zilinunua makasha mazima ya kadi mpya na kuyafungia kabatini kama akiba ya kusomesha watoto. Viwanda navyo vilichapa bila kipimo. Watoto wamesoma, wamehitimu, na makasha mengi hayalipi hata nauli ya kuyapeleka sokoni.

Kwa sisi watu wa mpira, ipo ya karibu zaidi. Mwaka 1958, wakati wa Kombe la Dunia kule Sweden, kampuni ya huko iitwayo Alifabolaget ilitoa kadi ya mvulana wa miaka 17 kutoka Brazil, naye ni Pele. Mwaka 2022 moja iliyo katika hali nzuri iliuzwa dola milioni 1.33. Kijana wangu anauliza kama ya namna hiyo inaweza kuangukia katika marobota ya mitumba pale Karume. Sitaki kumkatisha tamaa mtu anayefungua robota alfajiri, lakini mifuko ya zile koti imekwisha kupekuliwa na watu wengi kabla ya kupanda meli.

Zipo zisizotokea kamwe, na hizi nazo zina kisa. Alikuwako bwana Jefferson Burdick, mfanyakazi wa kiwanda cha vifaa vya umeme katika mji wa Syracuse, hakuoa, hakuwa tajiri. Ndiye aliyezipanga kadi za Marekani katika orodha na kuzipa herufi na namba zinazotumika hadi leo. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi. Aliamua kuutoa mkusanyo wake wote kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, vipande zaidi ya 300,000, na zaidi ya 30,000 vikiwa kadi za besiboli. Kwa miaka akawa anakwenda pale kuzibandika katika majalada, moja moja, kwa vidole vile vile. Alimaliza mwezi Januari 1963, na miezi miwili baadaye akafariki. Wagner yumo humo, kabandikwa. Dalali hana njia ya kumfikia, kwa kifo, kwa deni wala kwa talaka.

Barua ya kijana ilikuwa na mstari mmoja chini ya sahihi: marehemu babu yake alifanya kazi melini, na ameacha sanduku la bati ambalo bibi hataki liguswe. Namshauri asubiri ruhusa ya bibi, na siku likifunguliwa wawepo wajukuu wote.

Juma lijalo, nikijaliwa, nitamjibu mama wa Tanga aliyeuliza habari za stempu za zamani za Zanzibar.